Jinsi ya kuichambua rekodi ya mbunge mhafidhina wa jimbo nchini Marekani

Karibu kila Mrepublican anayegombea ubunge wa jimbo nchini Marekani hujiita mhafidhina. Mabango yake yatasema hivyo, mpinzani wake kwenye mchujo atasema hivyohivyo, na wote wawili watataja kodi ndogo, bunduki, imani na familia. Neno hilo peke yake halikuelezi lolote kuhusu miaka kumi au ishirini ambayo mtu huyo amekaa bungeni. Kinachokueleza ni kura alizopiga siku ambazo wahafidhina hawakuelewana wao kwa wao. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzipata siku hizo, kuzisoma bila kujichanganya, na kuzioanisha na jinsi alivyoingia, kamati alizopewa, miswada aliyoisukuma na fedha zilizomfikia.

Tunaposema jimbo tunamaanisha Texas, Kansas au Georgia. Eneo analowakilisha mbunge tunaliita wilaya ya uchaguzi.

LIJUE BUNGE KABLA YA KUMGUSA MTU

Mabunge ya majimbo yako 50, na kila moja lina kanuni zake. Arobaini na tisa yana mabaraza mawili. Nebraska ina baraza moja tu tangu 1937, na wagombea wake hawatambulishwi kwa chama kwenye karatasi ya kura. Tafuta kwanza majibu ya maswali manne: bunge linakaa siku ngapi, mbunge analipwa nini, nani anagawa nafasi za kamati, na kama kuna ukomo wa mihula.

Bunge la Texas hufanya kikao cha kawaida kila baada ya miaka miwili, mwaka wa witiri, kisichozidi siku 140. Gavana anaweza kuitisha vikao maalumu, kila kimoja kisizidi siku 30. Georgia hukutana kila mwaka kwa siku 40 za kazi, na muswada ambao haujavuka kwenda baraza la pili kufikia siku ya 28 kwa kawaida umekwama kwa mwaka huo. Mbunge wa Texas mwenye miaka kumi amepita vikao vitano vya kawaida tu. Ukizipanga sheria zake kando ya za mwenzake anayekaa bungeni mwaka mzima kama California, halafu ukaamua nani mvivu, umeshakosea.

Malipo nayo yana maana. Mbunge wa Texas hupata dola 600 kwa mwezi, na posho za siku za kikao. New Hampshire, yenye wawakilishi 400 na maseneta 24, hulipa dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba yake mwaka 1889. Anayeweza kuishi kwa malipo hayo ni wakili mwenye ofisi yake, mfugaji, mwenye kampuni, mstaafu, au mtu ambaye mwenzi wake ana mshahara. Kwa sababu hiyo kazi yake ya nje ni sehemu ya rekodi yake ya ndani. Tafuta tamko lake la mali na vipato (Texas huhifadhiwa na Tume ya Maadili ya Texas) na ulilinganishe na kamati anazokaa. Mfugaji kukaa kwenye kamati ya kilimo si kosa, maana mabunge ya muda mfupi yalijengwa juu ya wazo hilohilo kwamba mbunge ana kazi nyingine. Hata hivyo msomaji wako ana haki ya kujua.

Ukomo wa mihula hubadilisha maana ya kila hatua. Texas haina ukomo. Florida ina miaka 8 mfululizo katika baraza moja, kwa hiyo mwakilishi wa Florida aliyegombea Seneti mwaka wake wa nane huenda hakuwa na tamaa yoyote ya kupanda. Muda wake ulikwisha tu.

ANDAA JEDWALI

Fungua jedwali kwenye kompyuta na uweke safu hizi: tarehe, bunge na kikao, namba ya muswada, toleo la muswada, hoja iliyopigiwa kura, kura yake, kura ya wengi wa chama chake, matokeo, ukurasa wa kumbukumbu rasmi.

Safu ya kikao ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowaponza. HB ni muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, SB ni ulioanzia Seneti, na namba huanza upya. Mwaka 2023 Texas ilikuwa na kikao kimoja cha kawaida na vinne maalumu. HB 1 ya kikao cha kawaida ilikuwa bajeti ya jimbo. HB 1 ya kikao maalumu cha nne ilikuwa muswada wa elimu uliobeba vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mwanafunzi shule binafsi. Ukiandika "HB 1, 2023" hujasema kitu. Georgia ni kinyume chake: bunge moja hudumu miaka miwili, namba huendelea, na muswada uliokwama mwaka wa kwanza unaweza kufufuka mwaka wa pili bila kuwasilishwa upya.

Majina yana mtego wake pia. Kumbukumbu nyingi za kura huandika jina la ukoo peke yake, na wabunge wawili wanaweza kuwa na jina moja. Hakikisha kwa namba ya wilaya. Namba nayo isikudanganye, kwani mipaka huchorwa upya baada ya kila sensa ya miaka kumi. Wilaya ya 12 ya mwaka 2010 na Wilaya ya 12 ya mwaka 2014 zinaweza kuwa na watu tofauti kabisa.

Kwa kukusanya kura nyingi kwa haraka, tovuti za LegiScan na Open States zinafaa. Kwa matokeo ya uchaguzi, Ballotpedia ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila kila mstari utakaouandika hatimaye lazima uwe umeuona kwenye tovuti rasmi ya bunge husika au kwenye kumbukumbu zake za kila siku.

ALIVYOINGIA

Usianze na uchaguzi mkuu. Katika wilaya ambayo Warepublican hushinda kwa tofauti kubwa, uchaguzi wenyewe ni mchujo, na Novemba mtu anaweza hata kupita bila kupingwa. Andika kwa kila mwaka aliogombea: walikuwa wagombea wangapi kwenye mchujo, alipata kura ngapi (idadi yenyewe, si asilimia tu), na kama ilibidi kurudiwa. Texas mtu asipovuka nusu ya kura kwenye mchujo wa Machi, wawili wa juu hurudiana Mei. Wapiga kura wa marudio huwa wachache zaidi, na ndio wenye msimamo mkali zaidi kwa jambo lililowatoa nyumbani. Mbunge aliyeingia kwa marudio yenye kura chache anajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, na kura zake za miaka ya mwanzo mara nyingi huionyesha.

Angalia pia kama kweli alichaguliwa. Nafasi ikiachwa wazi Texas huitishwa uchaguzi mdogo. Arizona, bodi ya wasimamizi wa kaunti humteua mrithi wa chama kilekile. Mtu aliyeteuliwa kisha akagombea akiwa tayari mbunge ana historia tofauti na aliyembwaga mbunge aliyekuwapo.

Alichofanya kabla, kama bodi ya shule, baraza la mji, kamishna wa kaunti au uenyekiti wa chama ngazi ya kata, kiandike kwa ufupi, lakini kisome kwa umakini. Aliyewahi kupanga bajeti ya shule za umma huwa mgumu kuzigusa. Aliyepanda kupitia makundi ya kupinga kodi huja na deni lingine.

KAMATI NA MKONO WA SPIKA

Kwenye Baraza la Wawakilishi la Texas, Spika hugawa nafasi za kamati. Kwenye Seneti ya jimbo hilohilo kazi hiyo ni ya naibu gavana. Nebraska wenyeviti wa kamati huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri. Hivyo orodha ya kamati za mbunge ni barua ya siri kutoka kwa aliyemteua. Iandike kikao kwa kikao. Mtu aliyetoka kamati ya matumizi ya fedha akapelekwa kwenye kamati isiyopokea miswada ya maana ameadhibiwa, na sababu mara nyingi utaikuta kwenye kikao kilichotangulia. Aliyepewa kamati ya kupanga ratiba ya miswada ameaminiwa kwa kitu kizito kuliko uenyekiti wowote wa kujionyesha: kamati hiyo huua miswada bila kuipigia kura, kwa kutoipangia siku tu.

Kura ya kumchagua Spika iweke juu kabisa ya jedwali. Tarehe 14 Januari 2025 Dustin Burrows alichaguliwa Spika wa Texas kwa kura 85 dhidi ya 55 za David Cook, ingawa Cook ndiye aliyekuwa ameidhinishwa na mkutano wa wabunge wa Republican. Burrows alipata Warepublican 36 na Wademokrati 49. Kila Mrepublican aliyepiga kura siku hiyo aliweka wazi mambo mawili kwa mpigo: anamtii nani, na anatarajia kamati gani. Kwa mtafiti hii ni kura yenye thamani kuliko miswada mingi ya kikao kizima.

MISWADA: USIHESABU, FUATILIA

Kosa la kawaida kabisa ni kuandika "amewasilisha miswada 60". Miswada mingi hufa kwenye kamati, na kuwasilisha hakugharimu zaidi ya karatasi. Ndani ya idadi hiyo kuna maazimio ya pongezi, miswada ya wilaya moja tu, na nakala za muswada uleule uliowahi kufa. Colorado imeweka kikomo cha miswada mitano kwa mbunge katika kikao cha kawaida, hivyo hata kulinganisha idadi kati ya majimbo hakuna maana.

Kwa kila muswada andika umefika wapi: umewasilishwa, umepelekwa kamati, umesikilizwa, umeripotiwa, umepangiwa siku, umepita baraza la kwanza, umepita la pili, umesainiwa. Ndipo utaona tabia. Yupo ambaye kila kikao huwasilisha muswada uleule mkali, kamati haiusikilizi, naye haombi usikilizwe. Huyo anaandika matangazo ya kampeni. Yupo mwenzake mwenye miswada minane, sita imekuwa sheria, na hakuna hata mmoja uliotajwa kwenye habari. Wote wawili watajiita wahafidhina.

Tofautisha pia nafasi alizotajwa. Texas mwandishi wa muswada hutoka baraza ulikoanzia, na yule anayeubeba kwenye baraza la pili huitwa kwa cheo kingine. Mwandishi mwenza ni saini tu. Usimhesabie mtu sheria kwa sababu jina lake limo kati ya waandishi wenza.

Kila mara taja toleo. Texas muswada hupita sura kadhaa: ulivyowasilishwa, ulivyotoka kamati ya baraza la kwanza, ulivyopita baraza hilo, ulivyotoka kamati ya baraza la pili, na ulivyokamilika. Mbunge anaweza kuwa alipigia kura sura ya tatu na akaikataa ya mwisho kwa sababu njema kabisa. Arizona kuna desturi ya kufuta maandishi yote ya muswada na kuweka mengine chini ya namba ileile. Kansas hufanya jambo linalofanana. Muswada ulioanza kama wa leseni za uvuvi unaweza kumalizika ukiwa wa kodi. Soma kilichomo siku ya kura. Jina la awali halikusaidii.

Kuna swali la maneno yalikotoka. ALEC, jumuiya ya wabunge wa majimbo na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1973, huandaa miswada ya mfano ambayo wabunge huichukua na kuiwasilisha kwao. Kujua kama muswada umetoka huko au kwa kundi jingine, chukua sehemu ya tafsiri za maneno, chagua sentensi yenye maneno kumi hadi kumi na mawili, iweke ndani ya alama za kunukuu na uitafute kwenye intaneti pamoja na jina la jimbo jingine. Sehemu ya tafsiri hunakiliwa bila kuguswa hata pale vifungu vingine vinapobadilishwa. Ukipata mfanano, usiruke kwenye hukumu. Mbunge mwenye wasaidizi wawili na siku 140 hana ofisi ya kuandika sheria kutoka mwanzo, na wabunge wa pande zote hutumia miswada ya mfano. Cha kutazama ni kile alichobadilisha. Asiyebadilisha hata kifungu kisichoendana na sheria za jimbo lake hakuusoma.

Usisahau makadirio ya gharama yanayoambatanishwa na muswada. Texas huandaliwa na Bodi ya Bajeti ya Bunge. Mhafidhina wa matumizi anayepeleka muswada wenye gharama kubwa atapendekeza mara nyingi uanze kutekelezwa baada ya kipindi cha bajeti kinachofuata, na hilo utalikuta kwenye tarehe ya kuanza kutumika.

KURA: HAPA NDIPO KAZI ILIPO

Kura za mwisho za miswada nyingi hupita kwa karibu wote. Ukipima kwa hizo, utakuta wabunge wote wa chama wanafanana kwa zaidi ya asilimia tisini, na utaandika kwamba hakuna tofauti. Tofauti iko kwenye kura za marekebisho, hoja za kuweka kando, taarifa za kamati ya usuluhishi ya mabaraza mawili, kupindua kura ya turufu ya gavana, na bajeti.

Fanya hivi. Pakua kura zote za majina za kikao kimoja, yaani zile ambazo kura ya kila mbunge huandikwa kwa jina lake. Kwa kila kura hesabu Warepublican waliosema ndiyo na waliosema hapana. Chukua kundi dogo, uligawe kwa jumla ya Warepublican waliopiga kura hiyo. Ikizidi asilimia 10, ibakize. Ikipungua, iweke kando. Orodha ndefu itapungua sana, na iliyobaki ndiyo utakayoisoma moja baada ya nyingine.

Mifano miwili ya Texas. Tarehe 27 Mei 2023 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 121 kwa 23 kumshtaki mbele ya Seneti, ili aondolewe madarakani, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, Mrepublican (Seneti ilimwachia huru Septemba mwaka huohuo). Ukiona 121 kwa 23 unadhani ni kura ya karibu wote. Lakini Warepublican walikuwa 60 ndiyo na 23 hapana: 23 kwa 83 ni takribani asilimia 28. Ni mgawanyiko mkubwa.

Wa pili ni ule muswada wa vocha, HB 1 ya kikao maalumu cha nne. Tarehe 17 Novemba 2023 Mrepublican John Raney alileta marekebisho ya kuziondoa vocha kwenye muswada. Yalipita 84 kwa 63, Warepublican 21 wakijiunga na Wademokrati. Hapo 21 kwa 84 ni robo kamili. Zingatia mitego miwili. Aliyesema ndiyo alipinga vocha, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kwa marekebisho. Na muswada wenyewe ulirudishwa kamati, haukufika kura ya mwisho. Mtu anayesoma kura za mwisho peke yake hatakuta dalili yoyote ya tukio lililoamua hatima ya wabunge wengi mwaka uliofuata. Gavana Greg Abbott aliunga mkono wapinzani wao kwenye mchujo wa 2024, na kadhaa kati ya wale 21 wakaangushwa. Wengine hawakugombea tena. Aprili 2025, muswada wa vocha, safari hii SB 2, ulipita barazani 85 kwa 63, na Warepublican wawili tu ndio waliokataa. Waliobaki kutoka lile kundi la 21 karibu wote walikuwa wamegeuza kura.

Hapo ndipo unapaswa kukaa na kufikiri kabla ya kuandika neno "msaliti" au "jasiri". Katika miji midogo ya Texas shule za umma mara nyingi ndizo mwajiri mkubwa kuliko wote, na shule binafsi ya kupeleka vocha huenda haipo kabisa. Mbunge aliyepinga vocha kwa sababu hiyo alikuwa akihifadhi taasisi ya kwao, jambo la kihafidhina kwa maana yake ya msingi kabisa. Kwa hiyo ongeza safu moja mwishoni mwa jedwali, na uandike kila mgawanyiko ulihusu nini: kodi na matumizi, maslahi ya biashara, dini na maadili, mamlaka ya mji na kaunti dhidi ya jimbo, au utii kwa uongozi. Baada ya vikao viwili utaanza kuona mstari wake. Kuna mwenye msimamo usiotetereka kwenye maadili lakini anayelegea kila biashara inapoomba msamaha wa kodi. Kuna anayetetea mamlaka ya miji midogo na kuyanyima majiji makubwa.

Kansas inakufundisha kulinganisha kura mbili za jambo moja. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alisaini punguzo kubwa la kodi ya mapato, na aina nyingi za biashara zikasamehewa kodi hiyo kabisa. Mapato ya jimbo yalishuka vibaya. Februari 2017 bunge lililoshikwa na Warepublican lilijaribu kuifuta sera hiyo. Gavana akatumia turufu. Baraza la chini likaipindua 85 kwa 40, Seneti ikashindwa kwa kupata 24 pale ilipohitaji 27 kati ya 40. Juni mwaka huohuo muswada mwingine ulikuja, turufu ikatumika tena, na safari hii ilipinduliwa: 88 kwa 31, na Seneti 27 kwa 13, yaani bila kura hata moja ya ziada. Weka orodha ya Seneti ya Februari kando ya ile ya Juni. Waliohama katikati ya tarehe hizo mbili ndio habari, na swali la kuwauliza ni nini kilibadilika katika miezi minne: makadirio ya mapato, bajeti ya shule, au simu kutoka nyumbani.

Mitego mingine ya kura, kwa ufupi. Hoja ya kuweka kando marekebisho inageuza maana: ndiyo inaua marekebisho. Kura ya sauti haina majina, kwa hiyo usimwandikie mtu msimamo kwa sababu tu alikuwamo ukumbini. Texas muswada hupigiwa kura kwenye usomaji wa pili na tena wa tatu, na mtu anaweza kubadilika kati ya hizo. Chukua zote mbili. Kutokuwapo kuna aina zake: kuna ruhusa, kuna kutokuwapo bila ruhusa, na kuna "yupo, hakupiga". Hii ya tatu mara nyingi ni uamuzi wa makusudi. Mtu mwenye ruhusa ya ugonjwa usimwandikie kwamba alikimbia kura.

Mwisho kabisa, soma kurasa za nyuma za kumbukumbu za siku hiyo. Kwenye Baraza la Wawakilishi la Texas mbunge anaruhusiwa kuandikisha kwamba alionekana amepiga ndiyo ilhali alikusudia hapana. Taarifa hiyo haibadilishi hesabu. Mara moja moja ni kosa la kidole. Ikijirudia kwenye kura zenye makelele, umepata tabia, nayo iandike kwa idadi na kurasa.

ALAMA ZA MAKUNDI

NRA, chama cha kutetea haki ya kumiliki bunduki, hutoa alama za herufi, A+ hadi F. CPAC, jumuiya ya wanaharakati wahafidhina, huwapima wabunge wa majimbo yote. Idaho kuna kipimo cha Idaho Freedom Foundation, kundi la kihafidhina la jimbo hilo. Zitumie kama dira, kisha soma orodha ya kura zilizotumika. Uliza: kura ngapi, zilichaguliwa na nani, zilitangazwa kabla au baada ya kupigwa, kutokuwapo kunahesabiwaje. Makundi mawili ya kihafidhina yakimpa mtu mmoja alama zinazopingana, usitafute wastani. Nenda kwenye zile kura zilizosababisha tofauti. Aghalabu ni zilezile zilizobaki kwenye orodha yako ya migawanyiko.

FEDHA

Texas haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea ubunge, lakini kampuni haziruhusiwi kumchangia moja kwa moja. Ripoti za kawaida hutolewa 15 Januari na 15 Julai, na mwenye mpinzani huongeza ya siku 30 na ya siku 8 kabla ya uchaguzi. Kuchangisha ni marufuku kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida mpaka siku ya 20 baada ya kikao kuisha. Kwa hiyo tazama sehemu mbili: mwanzoni mwa Desemba kabla mlango haujafungwa, na mwishoni mwa Juni mara baada ya kufunguliwa, wakati siku 20 za gavana za kusaini au kukataa miswada iliyopita mwishoni nazo zimeisha.

Panga wachangiaji kwa jumla ya miaka yote, si ripoti moja. Unganisha majina yanayoandikwa kwa namna tofauti, pamoja na ya kamati zao za siasa. Kisha weka tarehe za michango kando ya tarehe za kamati kusikiliza miswada inayowagusa. Usiandike kwamba mchango ulinunua kura, kwa sababu fedha pia humfuata mtu ambaye tayari anaamini hivyo, na humfuata mwenyekiti wa kamati bila kujali anaamini nini. Unachoweza kusema kwa uhakika ni nani alitoa, kiasi gani, lini, na mbunge alipiga kura gani. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni mabadiliko: mfadhili mkuu amehama, na baada ya kikao kimoja kura nazo zimehama, au kinyume chake.

ALIVYOONDOKA AU ALIVYOPANDA

Kwa aliyeondoka, tafuta sababu kati ya hizi: ukomo wa mihula, mchujo, mipaka mipya iliyomweka wilaya moja na mwenzake, kazi ya ushawishi bungeni, au nafasi ya juu. Mike Johnson alikuwa mwakilishi wa jimbo la Louisiana kuanzia 2015 hadi alipoingia Bunge la Marekani 2017, na Oktoba 2023 akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi huko Washington. Kwa mtu wa namna hiyo rekodi ya jimbo ni fupi, ndiyo maana kila kura iliyomo inapaswa kusomwa. Kwa aliyehamia ushawishi, angalia kama jimbo lina muda wa kungoja kabla ya kuruhusiwa, kisha tafuta jina lake kwenye daftari la washawishi, na wateja wake wa kwanza uwalinganishe na kamati aliyoongoza.

KABLA YA KUCHAPISHA

Chagua migawanyiko sita hadi kumi itakayobeba maandishi yako, na kwa kila mmoja rudi kwenye kumbukumbu rasmi, usiridhike na tovuti ya kukusanya kura. Soma hoja yenyewe kwa sauti, uliza "ndiyo hapa ina maana gani?", kisha andika sentensi moja isiyo na kivumishi: tarehe, hoja, kura yake, kura ya wengi wa chama chake, matokeo. Mpelekee mbunge au ofisi yake orodha hiyo ikiwa na namba za miswada na kurasa, mpe siku kadhaa za kazi kujibu, na muda huo uongeze kama kikao kinaendelea. Akitoa maelezo, yaweke kando ya kura husika, palepale, badala ya kuyarundika mwishoni. Akisema umekosea, mwombe akuonyeshe ukurasa, ufungue, usahihishe jedwali kabla ya kusahihisha maandishi, na uangalie kama kosa hilohilo halijajirudia kwenye mistari mingine uliyoijaza siku ile.